Taarifa kwa Baba Askofu

Uso wa Askofu ulitoka kwenye mashine ukiwa bado mbichi kwa rangi, ukafuatwa na uso mwingine wa Askofu, na mwingine, na mwingine, mpaka chumba kizima kikawa kinamkodolea macho Anatory. Alirudi nyuma bila kujijua, kama mtu aliyekutwa kanisani na kofia kichwani. Kisha akajicheka, na kofia akaivua kweli.

Kilikuwa kiwanda kidogo nyuma ya masoko ya Shahe, jijini Guangzhou, China, chenye dari la bati na harufu ya wino iliyoganda kooni. Kitenge kilikuwa cha bluu, kama akina mama wa dayosisi walivyoagiza. Katikati ya kila duara alikaa Baba Askofu Josphat, kofia ya kiaskofu kichwani, fimbo ya kichungaji mkononi, na maneno ya Jubilei ya Dhahabu yamemzunguka kama shada la maua. Nyuso zilikuwa zimebanana sana. Anatory ndiye aliyetaka hivyo. Akina mama walisema kila mtu ana mshono wake, mwingine gauni, mwingine sketi na blauzi, mwingine kilemba tu, na asitokee hata mmoja wa kukosa uso wa Baba. Basi akamwambia mchoraji wa Kichina azisogeze nyuso, azisogeze tena, mpaka sikio la Askofu mmoja likagusa sikio la Askofu wa pili.

Mwenye kiwanda, mama mmoja mfupi ambaye wafanyabiashara wote walimwita Laoban, yaani bosi, alisimama kando yake akitazama kitambaa kikishuka. Akainua simu yake ya kutafsiri na kusema jambo. Simu ikatamka kwa Kiswahili cha kukwaruza:

“Huyu ni mfalme wenu?”

“Hapana, Laoban. Ni mtu wa Mungu.”

“Mbona ana taji?”

“Siyo taji. Ni kofia ya kazi yake. Anaongoza kanisa.” Anatory akaona maelezo hayajashiba, akaongeza kwa fahari, “Na siku hizi yuko Bungeni. Anatunga sheria.”

Simu ilitulia, ikalitafuna neno hilo, ikalitema kwa Kichina. Laoban akakunja uso. Akakitazama kitambaa, akamtazama Anatory.

“Kwa hiyo ni watu wawili?”

“Ni mmoja, Laoban.”

Mama yule akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayekubali bei asiyoiamini, akaenda kuangalia wino.

Anatory akafanya wanachofanya wafanyabiashara wote wa Guangzhou mzigo wao unapotoka jikoni. Aliegemea mashine, akanyoosha mkono na simu, akajipiga picha, yeye anacheka mbele na nyuso za Baba Askofu zinamiminika nyuma yake. Akaiweka kwenye WhatsApp: *Mzigo unatoka, wa moto moto, Guangzhou hadi madhabahuni.* Kwa mtu wa biashara, picha ya namna hiyo ni sawa na jogoo kuwika. Mteja aione, atulie.

Hakufikiri zaidi ya hapo. Angefikiri nini?

*

Alasiri moja, siku chache baadaye, alikuwa amekaa kwa Kethia, mama wa Kikongo anayepika sombe, kisamvu cha kwao, na samaki kwenye ghorofa moja ya barabara ya Guangyuan Xilu, juu ya vurugu za maduka ya nguo. Chini, wachukuzi walikuwa wakikokota marobota na kupigia watu kelele wapishe. Juu, meza zilinata kidogo, na feni ilizunguka kwa kusitasita. Mbarak, Mzanzibari anayepakia makontena, alikuwa ameketi mbele yake akichambua miba. Simu ya Anatory ilisimamishwa kwenye chupa ya pilipili. VPN, ile njia ya kupenya mtandao uliofungwa, ilikuwa imekubali, na Bunge la nyumbani lilikuwa likionekana moja kwa moja, picha ikikatikakatika.

Siku hiyo ulijadiliwa muswada wa vitambaa. Wabunge walitaka vitenge na khanga zinazochapwa nje zizuiwe, ili viwanda vya nguo vilivyolala vifufuliwe. Anatory alisikia habari zake juu juu na hakuzipa uzito. Miswada mingapi huzaliwa na kufa bila kaburi? Alichokuwa akingojea ni Baba Askofu tu. Tangu Baba ateuliwe kuwa mbunge, dayosisi nzima ilifanya ibada ya shukrani, na Anatory, huku ugenini, alisimama peke yake chumbani akapiga makofi. Aliona sasa Mungu amepata mtu wake ndani.

“Nakushukuru Mheshimiwa Spika kwa kunipa nafasi,” Askofu alianza. Alivaa suti nyeusi na kola nyeupe ya uchungaji. Bila kofia yake alionekana mfupi. “Mimi nimewazika wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha mjini kwetu, mmoja mmoja. Nimesimama makaburini nikisoma majina yao. Mtu anayekwenda kila asubuhi kwenye geti lililofungwa, akisubiri king’ora kisicholia, huyo huanza kufa akiwa amesimama. Naunga mkono hoja. Vitambaa vya kuchapwa nje visiingie, mpaka mashine zetu zizunguke tena.”

Meza ziligongwa. Tonge la Anatory likabaki hewani.

“Yakhe,” Mbarak alisema taratibu, “huyo si yule bwana wako wa kwenye kitambaa?”

“Nyamaza nisikie.”

“Rudi kanisani!” sauti ilipaa kutoka mahali fulani ukumbini. Nyingine ikajibu, “Mwacheni Baba aseme!” Watu wakacheka.

Baba Askofu anapozungumza kanisani, hata mtoto mwenye kikohozi hutolewa nje. Hapa watu wazima, wenye tai, walikuwa wakimrushia maneno kama kondakta aliyezidisha nauli. Na Baba alisimama tu, anangoja wanyamaze.

“Taarifa, Mheshimiwa Spika!” Mbunge mmoja mwembamba, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, alikuwa amesimama. “Napenda kumpa taarifa Mheshimiwa Askofu kwamba vitenge vya jubilei ya dayosisi yake mwenyewe, vyenye uso wake mwenyewe, hivi tunavyozungumza vinachapwa China. Picha ninayo hapa. Kuna kijana wake amesimama mbele ya mashine, anachekelea.”

Ukumbi ulilipuka. Kethia, aliyekuwa akipita na sinia, alisimama kutazama.

“Kijana!” alisema Mbarak. “Ama kweli picha ile imekusitiri mvi.”

Anatory hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwa Askofu. Mahubiri hayana taarifa. Tangu azaliwe hajawahi kuona mtu akiinuka katikati ya maneno ya Baba Askofu kumwambia lolote, na wala hakujua uso wa Baba ukiambiwa jambo unakaaje. Sasa aliuona. Ulikuwa uso wa mzee aliyepapasa mfuko na kukuta funguo hazimo.

“Mheshimiwa Askofu,” Spika aliuliza, “taarifa hiyo unaipokea?”

Hapo ndipo wabunge wengine husema siipokei, wakampiga mwenzao kijembe na kuendelea. Askofu alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya koti.

“Naipokea, Mheshimiwa Spika.”

Vicheko vikakatika.

“Naipokea, na aibu yake naiona. Nililosema silifuti.”

Akakaa chini, kengele ya muda wake haijalia.

Kethia aliweka sinia mezani. “Mais, Papa Anatory, hii ni mambo gani? Monseigneur anakubali makosa mbele ya bantu yote?”

“Sijui, Mama Kethia.”

“Kwetu wanasiasa wakigombana, wanaita askofu apatanishe. Sasa askofu akigombana na wanasiasa, wataita nani?”

“Watamwita Anatory,” Mbarak alijibu. “Si ndiye aliyepiga picha?”

*

Simu ilianza kutetemeka kabla hawajanawa. Kundi la WhatsApp la dayosisi lilikuwa linawaka moto. Mama Martina, mwenyekiti wa kamati ya jubilei, alituma ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya kulia: “Anatory, umemvua nguo Baba Askofu mbele ya nchi nzima. Wewe, mtoto wa kanisa!” Ujumbe wa pili ulifuata papo hapo, sauti imeshakauka machozi: “Lakini vitenge vitafika lini? Maana akina mama wameshapeleka vipimo kwa fundi.”

Anatory aliusikiliza wa kwanza, akausikiliza wa pili, akarudia wa kwanza. Alitaka kukasirika na hakupata pa kuanzia. Amkasirikie mbunge wa miwani? Alisema kweli. Amkasirikie Baba Askofu, ambaye vitenge hivi alivibariki kwa mdomo wake na leo amevikataa kwa mdomo ule ule? Ajikasirikie yeye? Kosa lake lilikuwa kufurahi hadharani.

Alishuka ngazi na Mbarak wakaingia Guangyuan Xilu. Manyunyu yalikuwa yakidondoka, na wachukuzi walikuwa wamefunika mizigo kwa nailoni. Mbarak alitembea akisukuma watu kwa bega, bila haraka, kama mtu aliyeko sokoni kwao.

“Nakwambia wazi, ami,” alisema. “Kontena langu linafungwa Ijumaa. Nafasi yako ipo. Nikikupakia leo na sheria ikapita mzigo ukiwa njiani, wataushika bandarini. Wallahi wataushika, maana wameshauona kwenye picha. Wataanza na wako.”

“Na nisipopakia?”

“Usipopakia utabaki nao hapa. Sasa Guangzhou nzima hii, nani atavaa uso wa askofu wako?”

Kila alichokuwa nacho kilikuwa ndani ya majora yale. Hakuwa na mzigo mwingine wala fungu la akiba mahali. Alikwisha kuona wenzake waliorudi nyumbani mikono mitupu, wakawa wanazunguka mitaani na suruali za Guangzhou, wakisimulia maghorofa.

“Na wewe unaonaje?” aliuliza. “Askofu kuwa Bungeni. Ni sawa?”

“Mimi Mwislamu, bwana. Usinitie kwenye kesi yenu.” Mbarak alikwepa mkokoteni. “Lakini mimi nilimwona mzee aliyeulizwa swali akajibu. Nimekuwa nikitazama Bunge miaka, sijaona mtu anapokea taarifa. Wewe lako lipi, aibu au mzigo?”

“Hayajaachana.”

“Basi yaachanishe kabla ya Ijumaa.”

Jioni ile Anatory alilala chali chumbani kwake, kiatu kimoja mguuni, akitazama dari. Lililomkaa moyoni ni king’ora. Alikuwa amekisahau. Baba yake alikuwa mfumaji katika kiwanda kile. Kilipofungwa, baba aliendelea kufua ovaroli yake kila Jumapili na kuipiga pasi, na Jumatatu akaivaa akaenda kukaa getini na wenzake. Mchungaji Josphat, kijana wakati huo, alikuwa akija na baiskeli, amefunga kiroba cha unga nyuma, anasali nao pale pale kwenye vumbi. Ndiye aliyemzika baba. Anatory aliacha shule darasa la sita akaanza kutembeza vitenge begani, na vitenge vile vilikuwa vizuri, vyepesi, vya rangi kali, na bei yake kiwanda cha kwao kisingeiweza hata siku moja. Vilitoka wapi? Vilitoka huku. Alikuja kuvifuata kwenye chemchemi yake, na siku ya kuondoka Mchungaji Josphat, ambaye sasa alikuwa Askofu, aliweka mikono juu ya kichwa chake akamwombea safari njema, naye akasema amina.

Mambo hayo mawili, ovaroli ya baba na majora ya Shahe, alikuwa hajawahi kuyaweka kwenye sahani moja. Leo mtu mmoja Bungeni ameyamwaga pamoja, na mtu huyo ni yule yule aliyembariki. Kila alipojaribu kuyatenganisha, yalishikana kama nyuso za kile kitenge.

*

Askofu alipiga simu siku iliyofuata, jua la Guangzhou likielekea kuzama na kule Dodoma wabunge wakitoka kula. Anatory alikuwa kwenye ghala la Mbarak, kati ya marobota yake. Majora yote yalikuwa yamekwisha kufika. Alipoona jina, alisimama wima.

“Shikamoo, Baba Askofu.”

“Marahaba, mwanangu Anatory. Umekula?”

“Nimekula, Baba.” Hakuwa amekula. Alingoja karipio. Halikuja, na kutokuja kwake kukamtisha zaidi. “Baba, naomba unisamehe kwa picha ile.”

“Picha ilikuwa ya kweli. Nikusamehe nini?”

Nyuma ya sauti ya Baba zilisikika sauti nyingine, watu wakisalimiana kwa vyeo.

“Sikiliza,” Askofu aliendelea, kwa sauti ya chini. “Keshokutwa tunapitisha muswada kifungu kwa kifungu. Nimeandikisha marekebisho. Vitambaa vya shughuli za kidini visiguswe na sheria hii. Ni mstari mmoja tu. Wenzangu nimeongea nao, hata yule aliyenipa taarifa. Anasema ataniunga mkono, yaishe. Yakipita, mzigo wako unapona, na akina mama wanavaa.”

Anatory akashika robota lililokuwa karibu, akaliegemea.

“Ahsante, Baba.”

“Bado. Nimebakiza neno lako. Sitaki nisimame pale kwa ajili ya uso wangu. Nataka nisimame kwa ajili yako. Wewe sema amina, nami nitajua nimetumwa.”

Ilikuwa kazi ndogo kuliko zote. Neno lenyewe lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye ulimi, kama linavyopanda kila mara, lenyewe, bila kuitwa. Kanisa lao limejengwa kwa neno hilo. Baba anasema tujenge zahanati, watu wanasema amina, zahanati inajengwa. Baba anasema mchungaji fulani ahamishwe mtaa, amina, fulani anafunga virago. Anatory alifungua mdomo, na kilichotoka kikawa kingine.

“Baba, kule kwetu nani ananunua vitenge kuliko sisi? Kwaya, umoja wa akina mama, vijana, Pasaka, Krismasi, jubilei. Sisi tukiwekwa nje ya sheria, hicho kiwanda kitamchapia nani?”

“Hilo nimelifikiri.”

“Na?”

“Na bado nimekupigia.”

Mbarak, aliyekuwa akifunga robota kwa utepe, aliacha kuvuta.

“Baba,” Anatory alisema, “sasa hivi unaongea na mimi kama askofu au kama mbunge?”

Upande wa pili mtu alipita akamwita Baba *Mheshimiwa*. Askofu hakumwitikia.

“Natamani ningejua,” alisema mwisho. “Kila asubuhi nikivaa najiuliza. Kanisani nikikosea hakuna wa kuniambia. Huku nikipatia hakuna wa kuniamini. Nimezeeka, Anatory. Wewe nipe neno lako.”

Anatory alitazama marobota. Kwenye pembe ya moja nailoni ilikuwa imechanika, na jicho moja la Askofu lilikuwa likichungulia. Alimkumbuka Laoban na swali lake la watu wawili. Aliona akisema amina atakuwa amemsaidia mmoja kumpiga mwingine, na hakujua ni yupi angeanguka. Hakujua pia kama anamtetea baba yake, au kiwanda, au Askofu, au anataka tu, mara moja maishani, kuona neno lingine likitoka kinywani mwake linafananaje.

“Siyo, Baba.”

“Umesemaje?”

“Nimesema siyo.”

Anatory aliinamisha kichwa, akavua kofia, akafumba macho. Baba Askofu hajawahi kumaliza mazungumzo bila baraka, hata iwe mitaa miwili tu imewatenga, hata awe na hasira kiasi gani. Alingoja hivyo hivyo, shingo imeinama, mpaka Mbarak alipomgusa bega.

“Ami, ameshakata.”

*

Ijumaa walikaa juu ya marobota wakitazama. Lori lilikuwa nje, milango ya kontena wazi, na wachukuzi wawili walikuwa wamechuchumaa wakivuta sigara. Mbarak hakuwa na raha.

“Nipakie au nisipakie?”

“Ngoja.”

“Dereva hangoji, yakhe. Huyu si Askofu.”

Bungeni vifungu vilikuwa vinapita kimoja baada ya kingine, haraka haraka. Kisha likasomwa jina la Askofu. Kamera ilimtafuta ikampata. Alikuwa amekaa, mikono imelala mezani, anatazama mbele.

“Mheshimiwa Askofu,” aliita aliyekuwa kwenye kiti cha Spika. Askofu hakuinuka. “Mheshimiwa Askofu, marekebisho yako yako kwenye jedwali. Karibu.”

Aliinuka taratibu, akifunga kifungo cha koti.

“Naomba kuyaondoa, Mheshimiwa.”

“Unayaondoa? Una maelezo?”

“Sina.”

Kukawa na mnong’ono. Halafu mtu mmoja, kutoka nyuma kabisa, akapaza sauti ndefu ya kuimba: “Amina!” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Anatory aliisogeza simu karibu na uso wake. Alitaka kujua kama kilikuwa kicheko cha dharau au cha furaha, na kama Baba naye anacheka. Kamera ilikuwa imeshahama.

“Wanaoafiki muswada huu waseme ndiyo.”

“Ndiyo!” Sauti zilikuwa nyingi, zimechanganyika. Anatory alitega sikio aichomoe ya Baba Askofu, sauti aliyoweza kuitambua kwenye kwaya ya watu elfu. Hakuipata.

“Wasioafiki waseme siyo.”

Sauti chache zilisema siyo. Na katika hizo pia hakuwa na hakika.

“Walioafiki wameshinda.”

Mbarak alizima feni ndogo iliyokuwa kando yake, kama vile kelele ndiyo iliyokuwa imewasumbua. Hakufanya mzaha. Alitoka nje, akasema na dereva, na baada ya muda wachukuzi walianza kuingiza kontenani viatu vya mtu mwingine, mahali palipokuwa pa vitenge.

“Nitakuwekea hapa mpaka ujue la kufanya,” alisema aliporudi. “Lakini unifunikie hayo macho. Sipendi kutazamwa nikila.”

“Nilifanya vizuri, Mbarak?”

“Waniuliza mimi? Mimi nimepoteza mteja.” Akakuna kichwa. “Sijui, ami. Mama yangu angekupa chai.”

Simu iliita mara moja, mlio wa ujumbe. Ulikuwa wa Baba Askofu. Hakukuwa na salamu wala baraka: *Niletee kipande kimoja ukija. Cha kwangu.*

Anatory aliusoma akausoma tena. Kipande cha nini? Cha kuvaa? Baba avae kitambaa alichokikataa mbele ya nchi, chenye uso wake mwenyewe? Au cha kutundika ukutani ajikumbushe? Ilikuwa adhabu, au msamaha, au mzaha wa mzee? Alianza kuandika *Amina, Baba*, akafuta. Akaandika *Kwa nini, Baba?* Akaliacha swali lile likae kwenye kioo bila kulituma, akaiweka simu juu ya robota.

“Nipe mkasi,” alimwambia Mbarak.

Alichana nailoni, akatoa jora, akalikunjua sakafuni. Bluu ilimwagika hadi miguuni pa wachukuzi, nao wakakaa pembeni wasikanyage. Anatory alipiga magoti, akapima kwa mkono urefu wa vazi la mtu mnene wa wastani, akaweka ncha ya mkasi kwenye ukingo. Hapo palikuwa na kofia ya Askofu. Akasogea kidogo, akakuta shavu. Akasogea upande wa pili, akakuta mkono ulioshika fimbo. Nyuso zilikuwa zimebanana kama alivyoagiza mwenyewe, na popote alipojaribu, njia ya mkasi ilipita kwenye uso.

“Kata basi, yakhe,” Mbarak alisema nyuma yake, kwa upole. “Ni kitambaa tu.”

Anatory aliinama zaidi, mkasi umefunguka mkononi, akiwatazama mmoja mmoja kana kwamba kati yao angempata yule Baba anayemfahamu.